Uso wa Dirishani

Mume wangu alikuwa kinyozi, na kinyozi mwenye moyo mbovu ana taabu mbili: mwili unamwambia akae, mdomo unamkatalia. Alikuwa na kibanda mtaa wa nyuma, kioo kimoja, viti viwili, na benchi la watu wasiokuja kunyoa. Wao walikuja kupiga soga. Siku daktari alipomwambia kwamba moyo wake umetanuka na umechoka kusukuma damu, aliuliza swali moja tu, kama ugonjwa huo unakataza maneno. Daktari akasema haukatazi. Basi huo ni mafua tu, akajibu mume wangu, na sote mle chumbani tukacheka, mimi huku machozi yakinilengalenga.

Hayakuwa mafua, ila tuliishi na ugonjwa huo miaka mingi, tukauzoea kama mtu anavyomzoea mpangaji mkorofi. Mambo makubwa yalikuwa mawili, chumvi na miguu. Chumvi niliifukuza jikoni. Mwanzoni alikula kama anayetafuna karatasi, akanung'unika kwamba hata mfungwa hupewa chumvi, lakini akazoea. Miguu ilikuwa kazi ya jioni. Nilimwosha kwenye beseni, nikamkausha, kisha nikambonyeza muundi kwa kidole gumba, kama sista wa kliniki ya moyo alivyonifundisha. Nyama ikirudi mara moja, tunalala salama. Shimo likibaki, maji yamemzidi mwilini, na kesho yake nampeleka kliniki akaongezewe kidonge cha kukojoa. Mara nyingi gumba langu liliwahi kabla pumzi haijambana. Yeye alikuwa akiniuliza kama mkate umeiva.

Mimi mwenyewe ni dobi wa hospitali. Nimezeekea kwenye chumba cha chini chenye mashine zinazonguruma kutwa, nikifua mashuka ya wagonjwa, makoti ya madaktari na mapazia ya wodini. Ni kazi isiyo na sifa. Mtu akipona humshukuru daktari, akishindwa husema ni Mungu, na dobi hatajwi popote. Mimi haikuniuma. Niliingia asubuhi, nikatoka jioni, nikakuta mume wangu amefunga kibanda na ana habari za mtaa mzima za kunisimulia huku miguu yake imo kwenye beseni.

Tulijaliwa mtoto mmoja, wa kiume. Nitamsema hapa, kwa hiyo kwanza nimpe haki yake: ni kijana mwema, hanywi, haibi, hajawahi kumjibu baba yake vibaya. Ni mlinzi kwenye duka kubwa la vyakula. Kabla ya korona kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni na kuangalia mifuko ya watu wanaotoka. Korona ilipoingia akapewa kile kipima joto cha mfano wa bastola, akawa anawaangalia watu wanaoingia. Anamlenga mtu kwenye paji la uso, anasoma, anasema pita. Mameneja, walimu, askari, wote walisimama mbele yake na kuinamisha vichwa. Tangu siku hiyo nyumba yetu ikapata waziri wa afya.

Sikumcheka sana wakati ule, maana hata mimi niliogopa. Kule kazini mifuko ilianza kushuka ya rangi nyekundu. Mfuko mweupe ni wodi za kawaida. Mwekundu ni wodi ya korona na ya wanaoshukiwa, na haufunguliwi mpaka uloweke ndani ya pipa la dawa. Tulivaa buti za mpira, aproni, glavu mbili mbili, barakoa iliyotukata masikio. Siku za kwanza mifuko myekundu ilikuwa ya kuhesabika. Baadaye ikawa ile myeupe ndiyo ya kutafuta.

Redio ikasema wazee na wenye maradhi ya moyo ndio wanaokufa. Mwanangu akaisikia, nami nikaisikia, na baba yake aliyekuwa akinoa wembe akaisikia, akauliza redio inamjuaje. Kesho yake vinyozi wote wakafungiwa. Askari alipiga kufuli kibanda chake mbele ya macho yake, na mume wangu alirudi nyumbani amebeba kioo kwapani kama mtu aliyefiwa.

Siku hiyo mwanangu akatukalisha kikao. Alikuwa amekwisha kupanga kila kitu. Baba atahamia chumba cha nje, kile alichokalia yeye kabla hajakarabati cha ndani. Chakula nitapika mimi kwa glavu, na yeye ndiye atakayekipeleka, atakiweka juu ya stuli mlangoni, abishe hodi na kuondoka. Hakuna wa kuingia. Nikamuuliza yeye mwenyewe anayepumuliwa na mji mzima pale dukani anajionaje. Akasema yeye hakai na mtu zaidi ya sekunde, lakini mimi nashika mashuka yao. Kisha akaniuliza.

"Mama, wewe unatoka hospitali. Ukimletea baba, utajisamehe?"

Nikamtazama mume wangu anitetee. Akasema kijana ana akili, na kwamba ameoa dobi, hakuoa korona. Alikuwa anatania, lakini alikubali. Jioni ile akahama na godoro lake, redio yake na kile kioo, na mimi nikaosha beseni nikalifudikiza nyuma ya nyumba.

Chumba cha nje kina dirisha moja la nondo linalotazama uani. Hapo ndipo ilipokuwa ndoa yetu miezi yote ile. Nikitoka kazini naoga bafu la nje, nabadili nguo, naweka kigoda uani mbali na dirisha kama waziri alivyoagiza, na mume wangu anatokeza uso. Na uso wenyewe ulikuwa umetengenezwa. Mtu aliyenyoa watu maisha yake yote hawezi kukaa na ndevu. Kila siku alijinyoa mbele ya kioo, akachonga ukingo wa nywele, akajipaka mafuta, akakaa pale dirishani aking'aa kama bwana harusi. Majirani walipita langoni wakasema mzee kanawiri. Mwanangu akasema unaona, mama, kapumzika. Kweli mashavu yalikuwa yamejaa. Tuliona kifua kwenda juu, basi. Chini ya kizingiti cha dirisha hakuna aliyeona kitu.

Mwanzoni alitoroka. Mara mbili nilimkuta kwenye ngazi za kibanda chake kilichofungwa, amekaa na wenzake wawili wa benchi, kila mmoja na barakoa kidevuni. Aliniambia amekuja kuangalia kama kufuli lina kutu. Mwanangu alipopata habari alikasirika mpaka akalia, kisha akanunua kufuli lake, akaliweka mlango wa chumba cha nje kwa upande wa nje. Ufunguo akauvaa shingoni. Kulikuwa na choo mle mle ndani, kwa hiyo hakuna lililokosekana, ndivyo alivyosema. Kinga ni bora kuliko tiba, akasema pia, na alilisema hilo kila siku ya Mungu, mpaka nikatamani kumkutanisha na aliyelitunga.

Nikasema basi angalau apelekwe kliniki. Kliniki ya moyo ilikuwa imefungwa. Chumba chake walikigeuza cha kupimia korona, na masista wake wakatawanywa kwenye wodi. Wagonjwa wa moyo waliambiwa watulie majumbani, dawa watachukuliwa na ndugu, na sista atapiga simu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini ndiyo fimbo tuliyopewa. Na simu aliyoijua sista ilikuwa ya mwanangu. Alipopiga, mwanangu alijibu akiwa kazini, bastola mkononi, foleni mbele yake. Sista aliuliza mzee hajambo, akaambiwa hajambo. Anakula? Anakula. Analala? Analala. Ni nani kati yetu anayeanza salamu kwa kusema kwamba ana jambo? Mtu hata akiwa anakata roho husema hajambo kwanza, yale mengine yanafuata. Ila foleni haikungoja yale mengine.

Kisha nikaona jambo. Mume wangu alianza kunisikiliza.

Asiyemjua atasema nimepata bahati. Maisha yangu yote nilikuwa nikimsikiliza yeye, na nikitaka kusema langu nilivizia anapokunywa chai. Sasa nikawa nakaa kwenye kigoda, namwambia ya dobini, nani kaugua, nani kajificha chooni asipangiwe mifuko myekundu, na yeye ametulia, anatikisa kichwa. Hadithi zake mwenyewe zilikuwa zinakatika katikati. Anaanza, anafika mahali pa kuchekesha, anatazama pembeni kidogo, anasema utamalizia mwenyewe, unaijua. Nikamwambia mwanangu baba yako hasemi. Akasema amechoka na upweke, atazoea. Nikamwambia mume wangu anionyeshe miguu, aipandishe kwenye kizingiti niione.

"Miguu yangu unaitakia nini leo?" akasema. "Umeshaniona kijana?"

Akavuta pumzi katikati ya sentensi fupi kama ile, akatabasamu, na uso wake ukang'aa. Nilimwambia tena kesho yake, akasema ana baridi, amejifunika blanketi. Kesho kutwa akasema amelala nayo vibaya, ina ganzi. Nilimwomba mwanangu ufunguo. Akasema nivumilie mpaka maambukizi yapungue, kwani redio imesema wiki hizi ndizo mbaya. Nilipiga kelele siku hiyo, majirani wakasikia, na mwanangu akasimama mbele ya mlango wa baba yake amefumba macho, anasubiri nimalize. Nilipomaliza ufunguo ulikuwa bado shingoni mwake.

Siku yangu ya mapumziko ilifika, mwanangu yuko kazini, jua limeshapanda. Nilikwenda dirishani na mume wangu hakutokeza. Nikaita. Nikasikia sauti ndogo ikisema nipo. Nikasogea, nikashika nondo, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu ahamie mle. Alikuwa amekaa kwenye kiti, ameinamia meza, paji la uso juu ya mikono. Godoro lilikuwa limekunjwa kando. Ndipo nilipojua kwamba halali kitandani tena, kwa kuwa kila akijinyoosha anazama. Alikuwa anakesha amekaa, asubuhi anajinyoa, jioni ananitokezea.

Nilichukua mchi wa kinu. Sikumbuki nilipiga mara ngapi. Kufuli halikufunguka, ila misumari ya mbao ndiyo iliyong'oka. Niliingia bila barakoa. Nikapiga magoti, nikainua blanketi. Miguu ilikuwa imevimba hadi mapajani, ngozi imevutika na kung'aa, soksi zimemchora mistari kama kamba. Nikabonyeza. Gumba lilizama mpaka kwenye kiungo cha kwanza, na nilipolitoa shimo lilibaki likinitazama. Nikakaa chini nikalia kwa hasira, siyo kwa huzuni. Huzuni ilikuja baadaye.

Alitaka maji. Juu ya meza kulikuwa na bilauri nusu na chupa ya chai kando yake. Nikamnyanyulia bilauri, harufu yake haikuwa na kitu, lakini sijui kwa nini nikaionja kwanza. Ilikuwa chumvi tupu. Chumvi ya kutosha mchuzi wa nyumba nzima. Nikafungua chupa ya chai, nayo ni maji ya moto ya chumvi, imejaa.

Nikamuuliza ni nini hii. Akanieleza taratibu, neno moja na pumzi moja. Kwenye simu ya mwanetu kulikuja ujumbe kwamba maji ya moto ya chumvi huosha koo na kuua korona kabla haijashuka mapafuni. Akamletea asubuhi na jioni, bilauri mbili mbili, tangu zamani. Mume wangu alimkumbusha habari ya chumvi. Kijana akajibu kwamba inayokatazwa ni ya chakula, hii ni ya dawa, inapita kooni tu.

"Kwa nini hukumwaga?" nikamwuliza.

"Alikuwa anaikoroga mwenyewe, kabla hajaenda kazini. Amesimama hapo mlangoni mpaka nimalize, ananihesabia. Leo tu alichelewa, akaniachia." Akapumzika. "Halafu, bibie, nilikuwa nimeikumbuka chumvi."

Mimi, niliyempikia chapwa miaka yote hiyo, nilikuwa bado nampikia chapwa. Kwa glavu. Nikauliza kwa nini hakuniambia kwamba anabanwa, mimi niliyekuwa nakaa pale uani kila jioni. Akasema angesema anabanwa, kijana angejua ni korona, na ingekuwa ni mimi niliyemletea. Alimsikia kijana akisema hivyo kwenye simu. Hakutaka niishi na mtoto mmoja na neno la namna hiyo katikati yetu.

Nilimwaga bilauri, nikamwaga na chupa. Nikampigia mwanangu simu, akaja mbio na gari la kukodi, na alipomwona baba yake jinsi anavyovuta hewa, rangi ilimtoka. Alisema tu, imefika. Alimaanisha korona. Sikuwa na muda wa kubishana. Tulimfunga mume wangu kwenye blanketi la kahawia la nyumbani, tukampakia.

Getini hospitali walimlenga kipima joto, wakamwona anatweta, wakamuuliza tangu lini. Basi. Anayetweta ni mshukiwa, na mshukiwa ana wodi yake. Nikawaambia ni mgonjwa wa moyo, faili lake liko humu humu, mimi ni mfanyakazi wa humu humu, kifua chake kimejaa maji. Walikuwa wapole. Wakasema inawezekana kabisa, majibu ya kipimo yakitoka atahamishwa. Kipimo kilikuwa kinapelekwa mji mwingine. Kitanda chake kikasukumwa kwenye korido ambayo hata sisi watu wa dobi tulikatazwa kukanyaga, na akainua mkono kutoka ndani ya blanketi kama mtu anayemuaga mteja.

Kesho yake nilikwenda kazini. Watu wamenisema kwa hilo, lakini ningekwenda wapi? Nje ya geti ningekuwa mbali naye zaidi. Nilipopata nafasi nilisimama chini ya ngazi za wodi ile mpaka akashuka mtu aliyevaa lile vazi la plastiki, macho tu nje. Alinijua kabla sijamjua. Alikuwa sista wa kliniki ya moyo.

Nikamweleza kila kitu, na maji ya chumvi. Alifumba macho aliposikia. Akasema alijua tangu mume wangu anaingia; alimbonyeza miguu mwenyewe. Amempa sindano ya kutoa maji, ile aliyoruhusiwa, lakini inataka kuongezwa, na awepo mtu wa kuuangalia moyo kwa mashine, na mashine iko jengo la pili. Mshukiwa haendi jengo la pili. Daktari wa moyo haji huku, kwa sababu akija huku hatarudi kwa wagonjwa wake kule. Ameomba mara mbili, ameambiwa asubiri majibu.

"Wewe ungekuwa na ruhusa, ungefanya nini?" nikamwuliza.

"Ningemvusha uwanja," akasema. "Ni uwanja tu, mama."

Nikauangalia. Kulikuwa na nyasi, benchi la saruji, na kamba ya plastiki ya njano imefungwa kutoka nguzo hadi nguzo. Mtu wa kawaida angeuvuka akiwa anapiga simu. Sista akaniambia mume wangu anaongea kidogo kidogo, na amewaahidi wagonjwa wenzake wote kuwanyoa bure wakitoka. Nikafurahi kusikia kwamba anaongea. Nikarudi kwenye mashine zangu.

Kila siku mifuko myekundu ilishuka kwenye toroli, nami ndiye niliyeomba kuifungua, na wenzangu waliniachia bila ubishi. Mashuka ya hospitali yote ni sawa, kwa hiyo sikujua lipi limemlalia. Niliyafua yote kana kwamba ni yake. Kuna jambo moja kila dobi wa hospitali analijua: kitu cha nyumbani hakishuki dobini peke yake. Mgonjwa akipona anaondoka nacho begani. Kikishuka ndani ya mfuko, mwenyewe hatoki tena.

Nilipofungua mfuko mmoja, ndani ya pipa la dawa, likachomoza blanketi la kahawia. Nililijua kabla halijakunjuka. Wenzangu wanasema sikupiga kelele. Wanasema nililifua, nikalisuuza, nikalikamua, nikalianika, na walipojaribu kunishika mkono niliwaambia waniache nimalize. Sista alipofika kunipa habari, alikuta kamba imeshabeba habari yenyewe.

Walimzika watu wenye mavazi meupe, harakaharaka, maana majibu yalikuwa bado na mshukiwa akifa huzikwa kama mgonjwa. Tulisimama mimi na mwanangu mbali, nyuma ya kamba nyingine ya njano. Wenzake wa benchi walikuja mpaka barabarani, wakavua kofia. Majirani hawakuja. Chini chini walisema mficha maradhi kifo humuumbua, kwamba tulikuwa na korona ndani tukaificha kwa kufuli. Mwanangu aliporudi kazini walimnyang'anya bastola na kumwambia akae nyumbani mpaka ijulikane. Alikaa chumba cha nje, kwa hiari yake, na mlango wenyewe ukiwa haufungi.

Mimi nilikuwa na maneno. Sitaki kusema uongo, sikuwaza mengine siku zile. Niliyapanga maneno yangu wakati wa kufua na wakati wa kula. Nitamwambia habari ya bilauri. Nitamwambia habari ya kiti na godoro lililokunjwa. Nitamwambia kwamba baba yake alimeza alichopewa kwa sababu ya nani, na akanyamaza kwa sababu ya nani. Nilitaka yaingie moja moja, asibaki na pa kukimbilia. Nilichongoja ni yeye tu aanze, kwa kuwa nilijua nikianza mimi nitapiga.

Majibu yalikuja kwenye simu yake, mchana, siku chache baada ya maziko. Nilikuwa uani nachambua mboga. Alitoka chumba cha nje amenyoosha simu mbele kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa. Mume wangu hakuwa na korona. Hakuwahi kuwa nayo. Mwanangu akaja akapiga magoti pale chini, kwenye maganda ya mboga, akanikumbatia miguu. Ilikuwa mara ya kwanza kuguswa na mwanangu tangu redio izungumze. Alilia mpaka mabega yakacheza. Alikuwa amekonda, na mikono yake ilikuwa imechanika kwa ile dawa ya kunawia, vidole vyote vina nyufa.

Akaniomba msamaha. Akasema siku zote hizi moyoni alinihesabia mimi, kwamba ni mashuka yangu yaliyomuua baba, na hakuwa na ujasiri wa kuniambia. Sasa amejua si mimi. Si mimi, wala si yeye na duka lake. Hakuna aliyemletea. Alisema hayo mara nyingi, akicheka na kulia, kama mtu aliyefunguliwa pingu. Kisha akatulia, akafuta pua kwa kiganja, na akaniangalia.

"Sasa mama, kama si korona, baba aliuawa na nini?"

Yale maneno yalikuwa yote mdomoni, yamepangwa, hakuna hata moja lililopotea. Nilimtazama na hasira yangu ilikuwa nzima, haikupungua hata kidogo, na bado ninayo. Ningeweza kusema neno moja tu, chumvi, na asingelala tena mpaka anaingia kaburini. Naye ndiye mtoto niliye naye.

"Moyo," nikasema. "Moyo wake ulikuwa umechoka siku nyingi."

Akatikisa kichwa taratibu. Akasema basi ni mipango ya Mungu, moyo hauna mwenyewe, hata tungefanya nini. Akainuka, akapangusa magoti, akaenda langoni na simu yake kuwaonyesha majirani, ambao sasa walisogea karibu. Nilimsikia akiwaeleza kwamba korona haikukanyaga nyumbani kwetu, kwamba mzee tulimlinda mpaka mwisho. Mama mmoja akachungulia juu ya lango, akanipa pole, kisha akanipa hongera kwa kumlea kijana mwenye akili kama yule. Nikamwambia asante.